Wimbo Usiochezeka

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi jioni mjini Same, mbele ya vijana wa muziki na wazee waliokuja kuwasindikiza. Nayaweka yote hapa kwa waliozuiwa na mvua. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana sana, na nusu yake zilikuwa zimepinduka.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, shikamooni. Na ninyi vijana mliokalia maboksi ya spika huko nyuma, mambo vipi? Shukeni hapo, spika si kochi.

Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mtunzi. Nimepewa nusu saa. Nimepiga gitaa la rhythm kwenye bendi za hoteli, Moshi na Arusha, kwa miaka kumi na tisa, na kwetu nusu saa ilikuwa nyimbo mbili na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Nitajitahidi.

Nianze na swali. Nani humu ukumbini anajua kwamba kuna wimbo uliotoka London mwaka 2014, wimbo wa watu wa roki, na umetungwa kwa ajili ya tembo wa hapa Mkomazi? Nyoosheni mikono. Naona mkono mmoja. Huyo ni mpwa wangu, nimemsimulia garini tukija.

Basi tumekaa hapa, kilomita chache tu kutoka Zange, lango la hifadhi ya Mkomazi, na jirani yetu kaimbwa dunia nzima sisi hatuna habari. Siwalaumu. Na mimi nilijua kwa sababu binti yangu aliniletea albamu yenye wimbo huo kwenye simu akasema, "Baba, sikiliza wa nne, kuna Kiswahili." Nikasikiliza wa nne. Halafu nikarudi wa kwanza. Kisha nikaisikiliza yote usiku ule, na asubuhi sikwenda shamba.

Mwenye albamu anaitwa Damon Albarn. Amezaliwa London mwaka 1968. Ndiye mwimbaji na mtunzi mkuu wa bendi ya Blur, bendi ya ile roki wanayoiita roki mbadala. Wazee wenzangu, msiogope jina. Ni magitaa yaleyale, ila hawajali kama unacheza au hauchezi.

Miaka ya tisini Blur walikuwa na upinzani na bendi nyingine, Oasis. Fikirieni Msondo na Sikinde, bendi zetu za dansi na utani wao. Agosti 1995 bendi hizo mbili zilitoa singo wiki moja, na nchi nzima ya Uingereza ikagawanyika, hadi taarifa ya habari ikatangaza. Blur waliuza kama nakala 274,000, Oasis kama 216,000. Blur wakashinda. Kijana wa miaka 27 anaamka asubuhi, nchi nzima inamwita mfalme.

Sisi tunasemaje? Mgema akisifiwa? *(Ukumbi: "Tembo hulitia maji!")* Eeh. Hulitia maji. Shikeni hilo neno tembo, tutalirudia mara mbili, na mara ya pili halitakuwa la kucheka.

Je, huyu mgema alilitia maji? Kwa sikio langu, alilitia kidogo. Albamu waliyoitoa mwaka uleule wa ushindi, yeye mwenyewe baadaye amesema hadharani kwamba haimridhishi. Lakini leo sikuja kwa ajili ya maji. Nimekuja kwa ajili ya kilichotokea karibu miaka ishirini baadaye, mgema alipopanda mnazi peke yake.

Ngoja kwanza niwaeleze alivyokuwa anajificha.

Kwenye Blur, alikuwa anatunga juu ya watu wengine. Anakuchorea karani wa serikali aliyechoka na kazi, anakuchorea vijana wanaokwenda likizo ufukweni kulewa. Watu wanacheka, wanaimba pamoja naye, na hakuna anayeuliza, "Na wewe je?" Halafu akaanzisha kundi jingine na mchoraji aitwaye Jamie Hewlett, kundi la Gorillaz, na albamu yao ya kwanza ikatoka 2001. Mnajua wanamuziki wake ni nani? Katuni! Katuni nne. Mwimbaji ni katuni mwenye nywele za buluu. Ziara zao za mwanzo wanamuziki wenyewe walipiga nyuma ya pazia, watu wakitazama michoro kwenye skrini. Yaani mtu huyu alikuwa maarufu kiasi hicho, na akalipa nauli, akasafiri, akafika ukumbini, kisha akasimama nyuma ya shuka.

Nani humu hajawahi kufanya hivyo? Mimi nimefanya. Ukiwa kwenye bendi, bendi ndiyo shuka lako. Wimbo ukipendwa, "nimetunga mimi." Wimbo ukichukiwa, "ah, bendi ndiyo walitaka hivyo."

Sasa Aprili 2014, akiwa na miaka 46, anatoa albamu kwa jina lake mwenyewe. Inaitwa *Everyday Robots*, roboti wa kila siku. (Alikuwa ametoa majaribio ya nyimbo alizorekodi vyumba vya hoteli, 2003, kwa jina lake pia. Lakini yale yalikuwa madaftari, hayakuwa kitabu. Wabishi mtanisamehe.) Tazama jalada lake: mtu mmoja amekaa kwenye stuli, kainamisha kichwa, nyuma yake rangi ya majivu. Hakuna bendi wala katuni. Hata gitaa hana.

Hapo ndipo nataka tukae.

Kwetu mwimbaji akitoka kwenye bendi tunasema kahama. Na kuhama kwetu ni vita. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973. Alikwenda wapi? Alikwenda kuunda Super Volcano, bendi nyingine. Marijani Rajab alitoka Safari Trippers, akaenda Dar International, bendi nyingine. Wakubwa wale wawili, Mungu awarehemu, wametupa vibao ambavyo hadi leo harusi haiishi bila kuvipiga. Lakini angalieni jambo moja: walihama nyumba, hawakuhama aina ya nyumba. Ilibaki palepale: solo, rhythm, besi, tumba, wapuliza tarumbeta, na watu wanaocheza. Kwa nini? Kwa sababu bendi ilikula kutokana na mlango, yaani viingilio. Wasipocheza, hawanywi. Wasipokunywa, mwenye ukumbi hakuiti tena.

Huyu hakuhama. Blur walikuwa wamerudi kupiga pamoja tangu 2009, na mwaka uliofuata albamu hii, 2015, wakatoa albamu mpya ya bendi. Hakuna aliyegombana na mtu. Alitoka uani kidogo, akarudi ndani. Sasa kama hakuna ugomvi, kwa nini mtu atoke?

Hapa naomba niwasimulie langu, halafu mtanijibu wenyewe.

Mwaka ambao mdogo wangu alifariki, nilitunga wimbo. Nilikuwa na redio kaseti. Nilifunga mlango, nikabonyeza kitufe, nikaimba nikijipigia gitaa moja, taratibu, kama mtu anayemwongelesha aliyelala. Beti nne. Hakuna kiitikio, maana sikuona cha kuitikia. Nikaupeleka mazoezini. Kiongozi wa bendi, mtu mwema kabisa, akausikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Akasema, "Mzuri. Lakini hauchezeki."

Alikosea? Hakukosea! Ulikuwa hauchezeki. Tukaufanya uchezeke. Mpiga tumba akaingia, tukaweka kiitikio, tukaweka sebene ya dakika tatu, na Jumamosi watu wakamcheza marehemu mdogo wangu mpaka saa tisa usiku. Nami nilikuwa palepale jukwaani, napiga rhythm, natabasamu kama nilivyofundishwa.

Ile kaseti niliipoteza. Nimetafuta hadi leo.

Kwa hiyo nilipoisikia albamu hii nilijua ni nini. Hizi ni nyimbo zisizochezeka ambazo zimejengewa chumba chao. Mara ya kwanza nilidhani simu ya binti yangu ina kasoro: ngoma ziko wapi? Unasikia vitu vidogo vinagongana, kama vijiti, kama mtu anabisha mlango kwa kucha. Piano inatembea polepole. Fidla inaingia, inatoka. Katikati kuna nafasi kubwa, kweupe, na ndani ya kweupe kule kuna mtu anaimba kwa sauti ya saa kumi alfajiri. Kwa roki hiyo ni aibu. Ndiyo maana aliitoa peke yake.

Na huko peke yake anasema mambo gani? Kuna wimbo anauzungumzia utumiaji wake wa heroini wa miaka ya tisini, kwa hesabu ya siku, siku tano hivi na siku mbili vile, kama mtu anayesoma zamu za kazi. Haombi huruma wala hajisifu. Je, ungeweza kuuimba huo na wenzako watatu nyuma wanaruka? Wenzako nao wana wake, wana watoto, wana mama zao. Siri yako ukiiimba na bendi, umewavalisha wote.

Lakini vijana, msinielewe vibaya mkadhani "peke yake" ni peke yake kweli. Hili nalisema kwa ninyi mnaojirekodi chumbani, mnajitungia, mnajichanganyia, mnajisifia. Albamu hii ina prodyuza, Richard Russell, mwenye XL, kampuni ya kutoa muziki. Walikuwa wamefahamiana kazini: mwaka 2011 walikwenda Kinshasa pamoja na maprodyuza wengine, wakakaa siku tano wakirekodi na wanamuziki wa Kongo wengi, na mapato ya albamu ile yakaenda kwenye shirika la misaada la Oxfam. Mwaka uliofuata wakamtengenezea albamu mzee Bobby Womack, mwimbaji wa soul wa Marekani ambaye watu walishamsahau. Kwa hiyo ilipofika zamu yake, Albarn alijua mkono wa mwenzake. Akampelekea makumi ya nyimbo. Makumi! Akamwambia achague. Zikabaki kumi na mbili, na mbili kati ya hizo ni vipande vifupi vya kupumzikia.

Sikilizeni tena. Mtunzi wa vibao, anayejaza viwanja, anampa mtu mwingine mkasi. Ninyi mna nyimbo ngapi? Nane? Na zote nane mmeziweka mtandaoni, hata ile ambayo mbwa wa jirani anabweka. Mkasi wenu uko kwa nani?

Basi. Nimesema, nimetoka hapo.

Jambo jingine lililonishika ni kwamba mtu huyu anatunga kwa anwani. Kuna wimbo unaitwa jina la madimbwi yaliyoko Leytonstone, mashariki ya London, alikokulia utotoni kabla familia yake haijahamia Essex. Anataja miaka mmoja mmoja kama unavyosoma kadi ya kliniki. Anaanza na 1976, mwaka wa joto kali, Waingereza wa umri wake wanaukumbuka kama sisi tunavyokumbuka mwaka wa njaa. Anasema nusu ya mtaa wao iligeuzwa barabara kuu. Anafika 1993, maneno yaliyopuliziwa rangi ukutani, na anayewajua Blur anashtuka, kwa sababu maneno yale ndiyo yaliyokuwa jina la albamu yao ya mwaka ule.

Mimi nimeishi hapa na mlimani maisha yangu yote. Nimetunga nyimbo arobaini na kitu. Mnajua mji gani unatajwa zaidi ndani yake? Dar es Salaam. Sijakaa Dar es Salaam hata miezi miwili! Stendi ya Same, ambako nimeagana na kila mtu niliyempenda, na upepo ule na vumbi lile, haimo hata kwenye beti moja. Kwa nini? Niliona si mahali pa wimbo.

Na kanisa. Huko Leytonstone, karibu na alipokulia, kulikuwa na kanisa la Kipentekoste. Alikuwa akisikia kwaya yao tangu mtoto. Miaka arobaini hivi baadaye akaenda, akaiomba kwaya ile iimbe kwenye albamu yake. Kwaya ya mtaa. Angeweza kulipia kwaya yoyote ya London. Wameimba nyimbo mbili: ule wa mwisho, ambao sauti nyingine ndani yake ni ya Brian Eno, mwanamuziki na prodyuza wa Uingereza, na ule wa nne.

Haya, tumefika. Wa nne.

Unaitwa *Mr Tembo*. Bwana Tembo. Kisa chake amekieleza mwenyewe kwenye mahojiano: alikuja hapa Mkomazi kwa watu anaowafahamu. Wakati huo kulikuwa na mtoto wa tembo aliyefiwa na mama yake karibuni, akaja mwenyewe, akatembea mpaka kwenye kiwanja cha ndege cha humo hifadhini. Wale watu wakamchukua, wakamlea, wakampa jina hilo. Mgeni akamtungia wimbo kwa ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, na akamwimbia mwenyewe, tembo akiwa hapo mbele yake.

Sasa kicheko kwanza. Mimi mama yangu ni mtu wa Tanga, wa pwani. Kwa mama yangu mnyama yule ni ndovu. Tembo ni pombe ya mnazi. Nilipompigia wimbo huu nikamwambia Mzungu kamwimbia Bwana Tembo, akashika kichwa: "Masikini, kalewa mpaka anaamkia chupa?" Akauliza kama ana mke.

Mmecheka. Vizuri. Sasa tazameni lugha yetu ilivyo na ukali wake. Tembo la mgema likikauka kibuyuni, tunasema tembo *limeisha*, kesho anapanda tena anagema. Tembo wa porini tunasema *wameisha*, na hapo hakuna kesho ya kugema. Herufi mbili tatu tu mwanzoni mwa neno. Mwaka 2009 sensa ilihesabu tembo zaidi ya 109,000 nchini mwetu. Mwaka 2014, mwaka ilipotoka albamu hii, walibaki kama 43,000. Miaka mitano! Pembe zilitoka kwa njia mnazozijua, na wengine humu mnawajua waliozipitisha, tusitazamane. Kwa hiyo mtoto wa tembo anayetembea peke yake kwenye kiwanja cha ndege, bila mama, bila shangazi zake, kwa mnyama ambaye hunyonya miaka miwili na zaidi na haachwi peke yake hata dakika, miaka ile hakikuwa kisa kigeni.

Na mtu anamwimbia wimbo wa namna gani? Mnategemea maombolezo. Hapana! Ndio wimbo pekee wa furaha kwenye albamu nzima. Wimbo wa kupanda kilima. Kwaya ya Leytonstone inaingia, makofi yanapigwa. Ukiwa na mtoto mdogo nyumbani atauimba siku hiyohiyo. Wakosoaji wengine wa huko waliuona umekaa vibaya, mwepesi mno kati ya nyimbo nzito. Nimewaza sana juu ya hilo. Nadhani hawajawahi kukaa na mtoto aliyefiwa. Mtoto aliyefiwa humwimbii msiba, msiba anao. Unamwimbia twende.

Hapo ndipo nilipofikiri mambo yangu. Mimi wimbo wa huzuni niliuchezesha kwa sababu ya mlango. Yeye wimbo wa furaha kauweka katikati ya chumba chenye kiza, na hakuuliza mlango. Albamu ilifika namba mbili kwenye chati ya Uingereza na ikaingia kwenye orodha ya kuwania Mercury, tuzo yao ya albamu bora ya mwaka, sawa, hongera. Lakini wimbo ule ulishamaliza kazi yake huku, kwenye vumbi, mbele ya msikilizaji mmoja asiyejua Kiingereza.

Naongeza neno moja ambalo wimbo hauna, na si kosa la mgeni. Wazee wa hapa wanakumbuka 1988, wafugaji walipotolewa Mkomazi na ng'ombe wao. Pori limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, kilomita za mraba zaidi ya 3,200, faru wanatunzwa humo, na mimi nafurahi faru wakitunzwa. Lakini tembo yatima ana wimbo wenye kwaya, na bibi aliyetolewa na ndama wake hana. Nani angemtungia? Mgeni wa siku chache? Yule bibi alikuwa jirani yetu. Tulikuwa Moshi hotelini tunapiga sebene.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Namalizia.

Albamu inaanza na sauti ya mchekeshaji wa zamani wa Marekani, Lord Buckley, akisimulia watu waliokuwa hawajui waendako, ila walijua tu kwamba walipo sipo. Halafu wimbo unaingia juu ya watu walioinamia simu zao kama roboti, kila mmoja njiani kwenda nyumbani. Mwaka 2014 wengine waliona anazeeka, analalamika. Nikiwa hapa mbele nimehesabu nyuso kumi na moja zenye mwanga wa bluu. Siwataji. Mmoja ni mpwa wangu.

Zizimeni kidogo, kwa dakika nne tu. Mzee wa umeme, jenereta iko tayari ikikatika? Iko tayari. Mama yangu yuko hapa mstari wa pili, na nimemwambia safari hii ajue ni ndovu.

Fundi, wa nne, tafadhali. Na usipandishe besi.